Popa za sponji: kwa nini zinalala ubavu, zinazama na kukosa samaki

Swali: Nimeanza kujitengenezea popa za sponji, yaani chambo bandia kinachoelea na kutoa mlio kikivutwa, kwa ajili ya uvuvi wa nzi bandia. Natumia soli za ndala zilizochakaa, ndoano za kawaida na supaglu. Ukiziona mkononi zinapendeza, ila majini ni aibu. Nyingine zikitua zinalala ubavu. Nyingine nikivuta zinachovya pua na kuzama badala ya kutoa ule mlio. Samaki wanazipiga kweli kweli, lakini wengi hawanasi. Na zile zinazonasa, baada ya samaki wawili watatu mwili unaanza kuzunguka kwenye ndoano. Nakosea wapi? Tatizo ni sponji, ni gundi, au ni lazima nitafute ndoano maalumu?

Jibu: Ndugu yangu, umetaja kasoro nne, lakini tatu kati yake zina mzizi mmoja, na mzizi huo hauko kwenye sponji wala kwenye gundi. Shina la ndoano limepita mahali pasipo pake. Hukueleza unaliingizaje, ila dalili zinasema zenyewe: unapasha sindano moto, unatoboa mwili wa popa katikati kabisa, kisha unapitisha ndoano humo. Wengi huanza hivyo, kwa kuwa katikati ndipo macho yanapoona pamelingana. Popa haitaki shina katikati. Inalitaka chini, kwenye tumbo, likiwa limezama ndani ya sponji milimita moja au mbili tu. Ukilishusha hapo popa itakaa wima, itainua pua unapovuta, na ncha ya ndoano itapata nafasi ya kushika. Kasoro ya nne, ya mwili kuzunguka, ina sababu yake: gundi haishiki chuma kitupu. Nayo itazidi ukilishusha shina, maana shina lililo pembeni lina sponji kidogo ya kulishikilia. Hiyo nitaifafanua kwa kirefu.

Tuanze na kulala ubavu. Sponji inasukumwa juu na maji, chuma kinavutwa chini na uzito wake. Chuma kikikaa chini ya sponji, popa ikiyumba upande wowote nguvu hizo mbili huirudisha wima, kama jahazi lenye farumi ya kutosha. Shina likipita katikati, uzito wake hausaidii kitu. Kinachobaki kuisimamisha popa ni mkunjo wa ndoano peke yake. Kwa ndoano ya waya mwembamba na mwili mnene, mkunjo huo hautoshi, na popa inatua vyovyote inavyotaka.

Kuchovya pua nako kunatoka hapo hapo. Mshipi unavuta kwenye tundu la ndoano, ilhali maji yanakandamiza uso wote wa popa kuelekea nyuma. Tundu likiwa chini ya kitovu cha uso, sehemu kubwa ya maji inasukuma juu ya tundu, kwa hiyo pua inanyanyuka na kurusha maji mbele. Tundu likiwa katikati, popa haina upande inaouelekea. Uso ukichongwa hata ukingo wa chini ukatangulia kidogo tu mbele ya wa juu, inachimba. Tundu likiwa juu zaidi, itapiga mbizi kila mara. Wapo wanaozitengeneza hivyo kwa makusudi, lakini hicho ni chambo kingine kwa kazi nyingine.

Ama samaki kupiga bila kunasa, chukua rula. Mwili wenye kipenyo cha mm 12 uliotobolewa katikati unaning'iniza mm 6 za sponji chini ya shina. Kama nafasi kati ya shina na ncha ya ndoano yako ni mm 10, umebakiwa na mm 4. Samaki anafunga mdomo juu ya sponji, sponji inaisukuma taya mbali na ncha, na wewe unavuta kitu kinachoteleza kutoka mdomoni. Hapo hata ndoano kali kama wembe haisaidii. Lishushe shina hadi tumboni, na zile mm 10 zinarudi karibu zote.

Sasa ndoano. Maalumu si lazima, ila si kila ndoano inafaa. Tafuta yenye shina refu na lililonyooka, tundu lisiloinama juu wala chini, na uwazi mpana. Mwili wa popa ukae kwenye nusu ya mbele ya shina, au theluthi mbili ikizidi sana, na ncha ibaki nyuma kabisa ya mwisho wa sponji. Kwa samaki wadogo wa mabwawani namba 8 au 10 inatosha. Kwa besi wa mdomo mkubwa watu wengi hutumia kati ya namba 4 na 1/0. Kwa kolekole wa baharini unapanda hadi 2/0, 4/0 na kuendelea, tena uchague chuma kinene kisicholiwa na chumvi upesi. Kumbuka hesabu yake: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, lakini ukivuka 1 na kuingia kwenye zile zenye sifuri, 4/0 ni kubwa kuliko 1/0. Mtu akichanganya hapo huagiza boksi zima la ndoano zisizomfaa.

Zipo ndoano zilizotengenezwa kwa ajili ya popa, ambazo shina lake lina kipindo kidogo katikati, na kipindo hicho ndicho kinachozuia mwili usizunguke. Ni nzuri, ukizipata zitumie. Usijaribu kukunja ndoano ya kawaida kwa koleo ili upate umbo hilo. Chuma cha ndoano kimekaushwa kwa moto kiwe kigumu. Ukikikunja kinakatika papo hapo, au kinapata ufa usioonekana na kukatika siku samaki wa maana anapokuja.

Kuhusu sponji, soli ya ndala ni chaguo zuri, usiibadilishe kwa sababu tu imekukatisha tamaa. Nyingi ni EVA, sponji ngumu yenye vijishimo vilivyofungika, kila kimoja na hewa yake, ndiyo maana haifyonzi maji. Sponji ya godoro ni kinyume chake: vijishimo vyake vimeunganika na inakunywa maji yote. Jaribu kipande chochote usichokijua kwa kukizamisha, kukiminya chini ya maji na kukiachia. Kikitoa mapovu mengi na kurudi kizito, kitupe. Ipo pia ile sponji nyeupe laini ya kufungia vyombo vya umeme, ambayo mara nyingi ni polithini. Inaelea vizuri sana, lakini supaglu haiishiki ipasavyo, na huenda ndiyo iliyo chini ya baadhi ya kasoro zako ikiwa umewahi kuichanganya. Ile nyingine nyeupe yenye punje punje, ya maboksi, iache kabisa. Supaglu inaila na kuacha pango.

Tofauti ya soli ya ndala na shiti za sponji za kazi za mikono ni uzito na ugumu. Soli ni nzito zaidi, inavumilia meno, na inachongeka vizuri kwa msasa. Shiti za mm 2 au mm 3 ni nyepesi na laini, na zina rangi nyingi, ila lazima uzibandike tabaka juu ya tabaka ili kupata unene. Kwa tabaka usitumie supaglu, maana inakauka na kuwa ngumu kama kioo kati ya vitu viwili laini. Tumia gundi ya viatu. Paka pande zote mbili, subiri hadi ukigusa isinate kidoleni, kisha kandamiza mara moja bila kusogeza. Mafundi viatu wanajua kwamba kusubiri ndiko kunakofanya kazi. Anayekandamiza gundi ikiwa mbichi anapata tabaka zinazoachana.

Kukata mwili kuna njia mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni bomba jembamba la shaba lenye kipenyo unachotaka, ambalo umelinoa mdomo kwa ndani hadi likawa kisu cha duara. Lifunge kwenye drili, lipake sabuni ya maji, lizungushe polepole ukilisukuma ndani ya soli. Linatoka na silinda safi. Ya pili haihitaji drili: kata mche wa pembe nne kwa wembe mpya, ondoa kona zake zikawa nane, kisha maliza kwa msasa. Wembe lazima uwe mpya. Wembe butu hauikati sponji, unaikandamiza na kuipasua, na kingo zinabaki na mawimbi ambayo msasa hauyamalizi. Kwa ndoano ya namba 2, silinda ya kipenyo cha mm 10 hadi 12 na urefu wa mm 15 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukishapata silinda, chonga nyuma kwanza: punguza unene kuelekea mkiani, na upunguze zaidi upande wa tumbo kuliko mgongoni. Mkato huo wa mshazari chini ya mwili ndio unaofungua njia ya ncha ya ndoano. Msasa wa namba 120 unaondoa upesi, wa 320 unalainisha.

Uso ndio sehemu inayompa kila mtu hamu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa kuzidisha. Mlio wa popa unatoka kwenye kibonde cha mbele: unapovuta ghafla, kibonde kinasukuma maji na kumeza hewa, hewa ikiachiwa inatoa ule mlio mzito wa kububujika. Mtu akisikia hivyo anafikiri kibonde kirefu kinatoa mlio mkubwa. Kwa kiasi tu. Kwa uso wa mm 12, kina cha mm 2 au 3 kinatosha. Ukizidisha, popa inashika maji kama kijiko. Kila unaponyanyua mshipi kutupa tena inakataa kutoka, na hewani inavuta kama mwavuli mdogo. Kutengeneza kibonde, zungushia msasa kwenye gololi au kitu chochote chenye kichwa cha duara na usugue kwa kuzungusha. Kijiwe cha duara kwenye drili ndogo kinafanya kazi hiyo kwa sekunde chache, lakini shika drili kwa mkono mwepesi, maana sponji inakwisha kabla hujafahamu. Uso mzima uuinamishe kidogo, ukingo wa chini ukiwa nyuma ya ukingo wa juu kwa mm 1 au 2. Popa ya uso bapa ulioinama hivyo, bila kibonde chochote, nayo inarusha maji vizuri na ni rahisi kuitupa. Kama unatumia fimbo nyepesi, ya namba 5 au 6, mimi ningeanzia hapo.

Kabla hujabandika mwili, mkia uwe umeshafungwa. Hilo unalijua, lakini nalitaja kwa sababu ya urefu wake. Manyoya au singa ndefu zinazoning'inia nyuma hujizungusha kwenye mkunjo wa ndoano wakati wa kutupa, na popa yenye mkia ulionasa inakwenda mrama hata kama mwili wake ni kamilifu. Mkia wenye urefu sawa na ndoano, au ndoano moja na nusu, unatosha. Ukitaka zaidi, funga kwanza kitanzi kigumu cha nailoni chini ya mkia ili kiubebe. Nyuma ya mwili zungusha unyoya mmoja wa shingo ya jogoo. Unaficha mshono na unapumua majini popa ikiwa imetulia.

Sasa tufike kwenye mwili unaozunguka. Chuma ni laini na cha mviringo. Gundi inashika sponji vizuri, haishiki chuma kitupu. Samaki akijipinda, mshiko unaachia upande wa chuma na mwili unabaki kama shanga kwenye uzi. Kwa hiyo kazi yako ni kulifanya shina lisiwe laini wala mviringo. Lifute kwanza kwa spiriti, maana ndoano mpya nyingi huja na mafuta. Kisha chukua kipande cha uzi mnene wa nailoni wa kuvulia, wa unene kama wa nusu ya shina, ukikunje mara mbili na kukilaza ubavuni mwa shina, ukifunge kwa uzi wa kufumia kuanzia nyuma ya tundu hadi pale mwili utakapoishia. Shina sasa lina umbo la yai, na kitu cha umbo la yai hakizunguki kirahisi ndani ya mkato. Juu yake pitisha uzi kwa kukatiza mbele na nyuma, uache mabonde na vilima. Usiufunge ukawa nadhifu. Hapa pekee katika kazi hii ndipo unadhifu unaponza.

Uzi huo uwe wa polyesta au nailoni. Pamba iliyoloa supaglu nyingi hupata joto kali, wakati mwingine hadi kutoa moshi, na kwa sababu hiyo hiyo usifute supaglu kwa pamba wala kitambaa cha pamba.

Mkato nao una siri yake. Uchore mstari mmoja ulionyooka katikati ya tumbo, kutoka uso hadi mkiani, kwa kalamu. Pitisha wembe juu ya mstari huo kwa kina cha mm 2 au 3 tu. Mwili wa soli ngumu unahitaji zaidi ya mkato mwembamba: pitisha msumeno mwembamba wa chuma mara mbili ili shina lililovimba kwa uzi lipate kuingia bila kuupanua mwili. Ukilazimisha shina nene kwenye mkato mwembamba, tumbo linafunuka na kushuka chini, na umerudi kule kule kwenye uwazi ulioziba. Jaribu kuvalisha ukiwa mkavu kwanza, uangalie kutoka mbele kama tundu liko kwenye mstari na kutoka nyuma kama ncha iko katikati.

Supaglu ya majimaji itakuponza hapa. Inaganda kwa unyevu, na ikibanwa kati ya uzi na sponji inaweza kuganda ukiwa nusu ya safari, mwili ukiwa umepinda. Tafuta ile nzito ya mfano wa jeli, inakupa sekunde kadhaa za kusogeza. Paka kwenye uzi na ndani ya mkato, vaa mwili kwa mwendo mmoja, nyoosha, kisha minya tumbo kwa vidole vilivyofunikwa na kipande cha nailoni. Epoksi ya dakika 5 ni bora zaidi kwa popa kubwa za baharini, kwa kuwa inajaza mianya na haivunjiki upesi ikipigwa. Ni nzito kidogo, lakini uzito wenyewe uko tumboni, mahali tunapoutaka. Ukimaliza, ziba mkato wote kwa tabaka jembamba la gundi hiyo hiyo. Maji yakiingia kwenye mkato ndipo mwanzo wa kuachia.

Kuna anayeweza kukuambia kwamba mwili si lazima ubandikwe, na hasemi uongo. Bob Popovics, mfungaji nzi mashuhuri wa New Jersey, Marekani, alitengeneza popa inayoitwa Bob's Banger ambayo silinda yake ya sponji inavuliwa na kubadilishwa kwa nyingine ya rangi au ukubwa tofauti. Lakini inategemea ndoano yenye shina refu mno, ambayo ncha iko nyuma sana ya mwili, hivyo sponji haiwezi kuziba uwazi. Kwa ndoano fupi za kawaida kama zako, mpango huo hauendi.

Kabla ya rangi, beseni la maji. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu popa tupu haina sura, na ndiyo hatua inayookoa kazi. Idondoshe kutoka usawa wa bega, mara kadhaa. Ikitua na kujisimamisha wima kila mara, endelea. Ikilala upande mmoja ule ule daima, mwili umepinda kwenye shina au upande huo una sponji kidogo. Ondoa sponji upande unaobaki juu, kidogo kidogo, kwa msasa. Ikilala upande wowote bila mpangilio, chuma ni chepesi mno kwa mwili huo: punguza upana wa mwili, au zungusha waya wa shaba mara chache karibu na mkunjo. Halafu ifunge uzi na uivute kwa mkupuo mfupi. Inayochimba, ichonge ukingo wa chini wa uso mpaka uanze kunyanyuka. Na uitazame ikiwa imetulia: pua juu, mkia ukizama kwa mshazari, ndoano ikining'inia majini. Popa inayokaa mlalo kabisa juu ya maji, ndoano ikiwa karibu na uso wa maji, inakosesha samaki wengi kuliko iliyozama nusu nyuma. Usiogope ikizama kidogo nyuma. Silinda yako ina ujazo wa zaidi kidogo ya sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo inabeba karibu gramu moja. Ukitundika manyoya mazito na epoksi nyingi kwenye mkia, utaona mwenyewe inapokata tamaa.

Rangi nitaipitia haraka kwa sababu haikuulizwa na haistahili muda inaopewa. Samaki anaona tumbo dhidi ya mwanga wa juu, zaidi kivuli kuliko rangi. Tumbo liwe jeupe, la manjano au jeusi. Mgongo ni wako wewe: upake rangi kali uione kwa mbali jioni. Kalamu za wino wa spiriti zinashika vizuri kwenye EVA, lakini ukipitisha rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake wino unakimbia; pitisha kwanza tabaka la vanishi ya maji, iache ikauke. Macho ni pambo. Miguu ya lastiki si pambo: ipitishe ubavuni kwa sindano, miwili kila upande, kwa sababu inaendelea kutetemeka baada ya popa kusimama, na samaki wengi hupiga wakati huo.

Kama shiti nyembamba ndizo ulizo nazo kwa wingi, au kuchonga kunakuchosha, jaribu pia mtindo wa Jack Gartside, Mmarekani mwingine, unaoitwa Gartside Gurgler. Ni ukanda wa sponji unaolazwa juu ya mgongo wa ndoano, ukakunjwa na kufungwa nyuma ya tundu ili ubaki mdomo mdogo uliosimama mbele. Hauna kibonde, hauna mkato, hauwezi kuzunguka kwa sababu umefungwa kwa uzi, na sponji yote iko juu ya shina. Mlio wake ni mdogo, wa kububujika kuliko kupasuka, na kwenye maji matulivu huo ndio unaofaa.

Sehemu moja ya kukosa samaki haiko kwenye meza ya kutengenezea. Uzi wa mbele, ule unaounganisha mshipi na popa, ukiwa wa fluorokaboni, ubadilishe uwe nailoni: fluorokaboni ina uzito wa gramu 1.78 kwa sentimita ya ujazo, nailoni 1.14, na ule mzito unazama na kuivuta pua ya popa chini hata kama umeichonga vizuri. Urefu wa mita 2 hadi 2.5 unatosha, unene mkubwa upande wa mshipi ili uweze kuigeuza popa hewani. Funga kwa fundo la kitanzi, tundu licheze. Ncha ya fimbo iguse maji karibu, na mlio uutoe kwa kuvuta mshipi kwa mkono. Anayetoa mlio kwa kuinua fimbo hujikuta ameacha mshipi umelegea juu ya maji, na pigo likija fimbo iko juu tayari na haina pa kwenda. Samaki akipiga, usivute kwa kishindo ulichokiona. Endelea kuvuta mshipi mpaka usikie uzito, ndipo uinue.

Popa ulizo nazo usizitupe. Zile zinazozunguka zitavulika kwa urahisi: vuta mwili utoke, au ukate kwa wembe chini na kuubandua. Gundi iliyobaki kwenye shina ilainishe kwa asetoni, usiichome kwa moto, maana moto unalegeza chuma. Miili iliyotobolewa katikati igeuze, upande mwembamba utangulie mbele na uso bapa ukae nyuma, kisha uivalishe kwenye ndoano yenye shina refu kwa utaratibu ule ule wa nailoni na uzi. Pua iliyochongoka haisukumi maji ya kuizamisha. Inateleza kimya na kuacha mkwaruzo mdogo juu ya maji, na samaki wanaoogopa kishindo cha popa huikubali. Chonga tumbo la nyuma kabla ya kuibandika, vinginevyo ule upande mnene utakuwa umesogea karibu zaidi na ncha ya ndoano.